Namna ya Kuitia Boti Mawimbi Kabla Haijaingia Majini

Mwongozo huu ni wa msanifu kijana aliyepewa kazi ya kuchora kwa kompyuta boti ya faiba ya uvuvi: mita 7, mashine moja nyuma, kalibu ianze kutengenezwa mwezi ujao. Amefungua programu, ameiona amri ya lofti, amebonyeza, na boti imetokea. Sasa anataka kwenda kunywa chai. Akae kwanza. Boti inayotokea mara ya kwanza huwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kuwa karibu laini. Kuifikisha mahali ambapo fundi wa faiba ataitazama huku akijikuna kisogo kunahitaji bidii, na utaalamu ambao ofisi nyingi zimekuwa zikiurithishana kwa mdomo tu. Wakati umefika uandikwe.

Amri yenyewe haina mambo mengi. Unachora mikato ya boti, yaani maumbo ambayo ungeyaona iwapo ungeipasua kwa msumeno kwenye mita ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea. Halafu unaiagiza programu itandaze ngozi kutoka mkato huu hadi ule. Uwe unatumia SolidWorks, Rhino, Fusion au CATIA, tabia ya kawaida ni moja: kwenye mkato, programu inapita palepale ulipochora, hata kama ulichora ukisinzia. Baina ya mkato na mkato, inakisia. Mtu akishayaelewa haya mawili, hakuna uharibifu utakaomshinda.

Anza na wingi. Mikato minne au mitano iliyowekwa mahali panapostahili inaitosha kabisa boti ya mita 7. Wewe weka 21. Bosi akiuliza, mwambie ni kwa ajili ya usahihi, na hajazaliwa bosi wa kupinga usahihi. Nenda pwani, tafuta boti ya zamani inayosifiwa na wavuvi, uipime kila baada ya sentimita 35, upepo ukiwa unavuma, boti ikiwa imelalia ubavu mchangani, na kijana uliyemkuta hapo akikushikia ncha ya futi huku anaongea na simu. Kila kipimo kitabeba kosa la milimita mbili tatu, hili likiingia ndani, lile likitoka nje. Programu haijui kwamba hayo ni makosa. Itayapitia yote, moja baada ya jingine, na ubavu wa boti utapanda na kushuka kila sentimita 35 kutoka omo hadi tezi.

Hapo utaona bonde. Usifute kitu. Ongeza mkato wa 22 katikati ya bonde ili kulijaza. Bonde litahamia pembeni. Lifuate kwa mkato wa 23. Kuna wasanifu waovu watakaokunong'oneza kwamba dawa ni kufuta mikato 18 na kuacha mitano, ngozi itulie yenyewe. Usiwasikilize. Mkato umeshachorwa, muda umeshatumika, na kufuta kazi iliyokwisha kufanyika ni kumdharau kijana aliyekushikia futi.

Wachoraji wa zamani katika viwanda vya meli vya Uingereza na Marekani hawakuwa na raha hii. Walikuwa na ukumbi mpana wa ghorofani, sakafu tupu, na meli ilichorwa hapo kwa ukubwa wake halisi. Mstari mrefu waliupata kwa upapi, ufito mwembamba wa mbao unaopinda, uliobanwa na vizito vya risasi kwenye kila nukta iliyopimwa. Upapi ule ulikuwa na adabu mbaya. Ukiulazimisha upite kwenye nukta iliyopimwa vibaya, ulivimba hapohapo mbele ya watu wote. Mchoraji naye, badala ya kuongeza vizito, alinyanyua kimoja, akauachia upapi uende unakotaka, kisha akairekebisha nukta iufuate. Alikuwa na sababu: mbao iliyopindwa hutafuta mkao unaoichosha kidogo kuliko yote, na mkao huo ndio jicho linaouona kuwa laini. Wanahisabati waliotengeneza splaini, yaani upapi wa hesabu, waliuiga vizuri sana mpindo wa upapi. Ukaidi wake hawakuuiga. Splaini ya kompyuta utaipeleka popote, utaipinda utakavyo, na haitatoa mlio wowote.

Mafundi wa majahazi wa Nungwi na Matondoni nao, ambao hujenga kwa jicho bila ramani ya karatasi, wako katika hali hiyohiyo ya kusikitisha. Ubao wakiulazimisha upinde kwa ghafla kupita kiasi, unapasuka, na hasara inaonekana siku hiyohiyo. Sisi hasara yetu tunaweza kuihifadhi kwenye faili, ikasafiri kwa barua pepe, ikakatwa na mashine, na kugundulika miezi minne baadaye ikiwa mikononi mwa mtu mwingine. Hayo ndiyo maendeleo.

Ukishaweka mikato, jifunze kuibonyeza. Watu wengi hawajui kwamba programu nyingi huangalia ulibonyeza mkato upande gani. Ukibonyeza wa kwanza karibu na mkuku, wa pili karibu na mkuku, na mingine vivyo hivyo, programu itaunganisha mkuku na mkuku, ukingo na ukingo, na boti itakuwa boti. Hilo halina mvuto. Bonyeza wa kwanza karibu na mkuku, wa pili karibu na ukingo wa juu, wa tatu popote kipanya kilipo. Ngozi itajisokota katikati na kupita ndani yake yenyewe. Ikitokea hivyo, usirudi kubonyeza upya kwa mpangilio. Funga programu, washa upya kompyuta, lalamika kuhusu leseni.

Kuna njia ya siri zaidi ya kupata matokeo yaleyale, na hii naipenda kwa sababu haionekani kwa macho ya haraka. Hakikisha mikato haina idadi sawa ya vipande. Mkato wa nyuma uchore kwa vipande vitatu: sakafu, kona, ubavu. Wa katikati uchore kwa vitano, kwa kuwa siku hiyo ulipenda kona ya mviringo. Wa mbele uchore kwa kimoja. Programu italazimika kuamua kona ya nyuma inaishia wapi mbele, na kwa kuwa hakuna aliyeiambia, itagawa kwa uwiano wa urefu, ikitengeneza vijiuso vyembamba vinavyoanzia pasipo na sababu na kuishia pasipo na maana. Fundi bati yeyote anayetengeneza faneli ya kutoka bomba la duara kwenda tundu la mraba anajua kwamba duara lazima kwanza ligawanywe mara nne ili kila kona ya mraba ipate mwenzake. Ila yeye anakata bati alilolinunua kwa fedha zake, kwa hiyo lazima afikiri.

Sasa mistari ya kuongoza. Hii ni mistari mirefu inayokimbia kutoka omo hadi tezi, mmoja kwenye mkuku, mmoja kwenye kona ya chini ya ubavu, mmoja kwenye ukingo wa juu, ili programu ipunguze kukisia. Ichore karibu na mikato, isiiguse. Pengo la sehemu moja ya mia ya milimita haliwezi kuonekana kwenye skrini, lakini programu italiona na itakataa, ikisema mstari haukutani na mkato. Msanifu asiye na subira angeufunga mstari kwenye ncha ya mkato kwa amri inayohusika, ili mkato ukisogea na mstari usogee. Wewe kuza picha, vuta nukta kwa mkono, kuza tena, vuta tena, mpaka programu ikubali. Kesho mteja atataka boti ipanuliwe sentimita 10, na utapata kazi ya wiki nzima ambayo mwenzako angeimaliza kabla ya mchana.

Mistari hiyo iwe na nukta nyingi pia. Arobaini kwa mstari mmoja ni kiwango cha heshima. Hapa sina budi kuwataja Wafaransa wawili waliotusababishia matatizo. Paul de Casteljau alikuwa Citroën, na mwaka 1959 alipata njia ya kueleza mikunjo ya bodi za magari kwa nukta chache za udhibiti. Kampuni ikaona ni siri yake, ikaifungia. Pierre Bézier wa Renault akafika mahali pale kwa njia yake mwenyewe, naye akachapisha, ndiyo maana leo mikunjo hiyo inabeba jina lake na si la mwenziwe. Mkunjo wao wa daraja la tatu unahitaji nukta nne tu. Nne! Kwa mstari ambao sisi tunauwekea arobaini. Hawa watu wangeomba kazi kwetu, wangeambiwa mchoro wao haujakamilika.

Kwenye kila programu ya maana kuna chombo kinachoitwa kitana. Ukikiwasha, mstari wako unaota meno: pale unapopinda sana meno yanarefuka, pale unaponyooka yanafupika. Kwenye mstari mzuri ncha za meno hupanda polepole na kushuka polepole. Kwenye mstari wa nukta arobaini hurukaruka, na mahali pengine zinavuka kwenda upande wa pili, maana yake ubavu ambao ungepaswa kubinuka nje umebonyea ndani. Kwa hiyo usiwashe kitana. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na bila shaka walikuwa na maana kwamba mstari urekebishwe ukiwa bado mstari, kabla haujavikwa ngozi, unene, sitaha na matundu ya boliti. Lakini wahenga hawakuwa na amri ya kuviringisha kona. Sisi tunayo, na tutaitumia mwishoni kufunika kila kitu.

Mbele ya boti ndipo vipaji vinapotofautiana. Mikato inazidi kuwa myembamba kadiri unavyokwenda omo, na hatimaye pande mbili zinakutana kwenye gubeti. Ikutanishe mikato yote kwenye nukta moja. Uso wenye pande nne utageuka wa pande tatu, mistari yote ya ndani itasongamana mahali padogo kuliko ukucha, na ngozi itajikunja hapo kwa namna ambayo hakuna amri ya baadaye itakayoweza kuinyoosha. Wapo wanaokwepa hili kwa kuchora uso wa pande nne unaopita mbele ya gubeti, mkubwa kuliko boti yenyewe, halafu wanaukata kwa mstari wa gubeti kwa urefu unaotakiwa. Ngozi inabaki imetulia hadi ukingoni kwa kuwa pale penye vurugu pameshakatwa na kutupwa. Ni mbinu nzuri sana, na ni ubadhirifu. Sisi tunachora kilichopo tu.

Matunda ya msongamano huo utayavuna siku ya kuweka unene. Faiba ya boti hii tuseme ni milimita 6. Programu inaunakili uso wa nje na kuusogeza ndani milimita 6. Palipo na kona iliyojikunja kwa nusu kipenyo kilicho chini ya hapo, nakala inajikata yenyewe na amri inagoma. Usitafute kona. Jaribu 5.9. Jaribu 5.8. Teremka hivyohivyo, bila haraka, mpaka itakapokubali, pengine kwenye 3.1, kisha uandike kwenye ripoti kwamba usanifu umefanikiwa kupunguza uzito wa chombo kwa karibu nusu.

Nyuso zikishakuwa nyingi zitahitaji kuungana, na hapa utasikia watu wakitaja ngazi. G0 maana yake kingo zimegusana, basi. Ukipitisha kidole unausikia ukingo. G1 maana yake uso mmoja unaendelea na mwelekeo wa mwenziwe, kidole hakisikii kitu. G2 maana yake hata kiasi cha kupinda kinalingana pale kwenye kiungo. Tofauti ya G1 na G2 kidole hakiijui, ila mwanga unaijua: kwenye G1 mng'ao unaokimbia ubavuni unafika kwenye kiungo na kuvunjika ghafla. Kwa kuwa mwanga si mteja na haulipi, G1 inatosha. G0 nayo inatosha ikiwa ni Ijumaa.

Ni kwa sababu ya mwanga huo ndiyo maana kuna kipimo cha pundamilia, ambacho huuchora uso mzima kwa michirizi myeusi na myeupe kana kwamba umezungukwa na taa ndefu. Michirizi ikipita kiungo bila kuyumba, umefika G2. Ikipata kona, ni G1. Ikikatika na kuanza mahali pengine, ni G0. Kipimo hiki ni cha bure, kinachukua sekunde mbili, na kimeharibu siku nyingi nzuri. Kitazame mara moja tu, usiku, wakati ofisi imefungwa.

Badala yake tengeneza picha. Weka boti kwenye bahari ya buluu, jua linazama, rangi inang'aa, mnazi mmoja kwa mbali. Sogeza kamera mpaka upate pembe ambayo bonde la kushoto halionekani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na picha ndiyo miguu yake. Mteja akiipenda, itume hiyohiyo kwenye kikundi cha WhatsApp cha mradi kabla mtu yeyote hajaomba faili.

Haitakaa hivyo milele. Siku itafika ambapo kielelezo, yaani umbo la boti la ukubwa kamili, kimekatwa na mashine, kalibu imetengenezwa juu yake, na boti ya kwanza imetolewa ndani ya kalibu ikiwa na jelikoti mpya, yaani tabaka la rangi la nje, inayong'aa kama sahani ya harusi. Jelikoti haisamehi. Kila kosa la futi ya pwani litakuwepo pale, kwa mpangilio, kila baada ya sentimita 35, na mzee mwenye boti atainama, atafumba jicho moja na kuuangalia ubavu kwa urefu wake, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Injinia, mbona ina mbavu?"

"Shikamoo mzee. Hizo ni za kuongeza nguvu."

"Marahaba. Na hii ya upande huu mbona hailingani na ya upande ule?"

Hapo mshauri rangi nyeupe. Ubavu wa buluu iliyokolea hutangaza kila wimbi. Nyeupe isiyong'aa sana huficha mengi. Mwambie pia kwamba rangi iliyokolea hushika joto la jua na samaki wataharibika, jambo ambalo lina ukweli wa kutosha kukuvusha mazungumzo hayo. Usishauri kupiga msasa. Kunyoosha kalibu kwa ubao mrefu wa msasa, jasho likidondoka, ni kazi ya wiki kadhaa, na mwenye kuifanya atakuwa akikutaja kwa jina.

Nimekaa sana kwenye ubavu kwa sababu ndio unaoonekana. Uharibifu wa kudumu hasa uko chini. Boti ya aina hii ikikimbia huinuka na kuteleza juu ya maji, na inateleza kwa sakafu ya mita mbili za mwisho karibu na tezi. Sehemu hiyo inatakiwa kunyooka kabisa kwa urefu. Wasanifu wenye hofu huichora peke yake, kwa mistari iliyonyooka, na kuiacha lofti ishughulike na omo tu. Wewe, ikiwa umechoshwa na mikato 21, ipo njia nyepesi: jaza mikato mbele, halafu acha mita mbili tupu, kisha weka mmoja wa mwisho kwenye ubao wa tezi. Splaini inayotoka kwenye mpindo mkali wa mbele na kukuta uwazi mrefu haijui kunyooka. Itapitiliza kidogo, itarudi kidogo, na sakafu itapata mpindo wa sentimita moja ambao kwenye skrini hauonekani hata ukiutafuta.

Mpindo huo ukibonyea ndani, maji yatasukuma tezi juu kupita kiasi, omo itazama puani, na mashine itanguruma bila boti kuongeza mwendo. Ukibinuka nje, boti ikishika kasi itaanza kuinua pua na kuiteremsha, kuinua na kuteremsha, kama pomboo, mpaka nahodha apunguze moto. Kwa vyovyote watakupigia simu. Utafikiria kubadili propela, kubadili mashine, kubandika vibao chini ya tezi, kubadili nahodha. Utakwenda tezi na omo, na marejeo ni ngamani, kwenye ule mkato ambao hukuuchora.

Lakini hilo si la kumwambia mteja. Mteja mwambie ahamishe sanduku la barafu. Omo ikizama, sanduku liende nyuma. Boti ikirukaruka, lije mbele. Likishajaa samaki itabidi wahamishe tena, kwa hiyo ajiri watu wawili wenye nguvu. Na ankara yako ya usanifu hakikisha umeituma, na imelipwa, wakati boti bado iko juu ya magogo.